Nyumba ya Mwenye Deni

Twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo lililotugawanya sisi wenyewe katika darasa letu kwa muda wa wiki tatu, na mpaka leo hatuwezi kudai kuwa tumelimaliza. Jambo lenyewe ni hili: mtu akikopa kwa hiari yake, akaweka nyumba yake rahani, kisha akashindwa kulipa, je, ni haki atolewe katika nyumba hiyo pamoja na mkewe na wanawe? Na yeye akiomba msaada ili asitolewe, je, yafaa aombe? Na sisi tulio jirani zake, je, kumpa ni wajibu juu yetu, au ni ihsani tu, atakaye hutoa na asiyetaka hukaa kimya?

Kisa kilichozusha mazungumzo haya ni cha mwenzetu mmoja wa Lokiriama, ambaye jina lake twalistiri. Yeye ni mfanyabiashara wa mbuzi. Kwa miaka mingi alikuwa akinunua mifugo Lokiriama na Lorugum, akiikusanya Lodwar, kisha akiipeleka kusini kwa lori la kukodi. Nyumba yake aliijenga Kitale, kwa kuwa huko ndiko mkewe anakofundisha na wanawe wanakosoma, na huko ndiko alikopata kiwanja chenye hati. Ardhi ya kwao Lokiriama ni ya jamaa wote. Haina hati ya mtu mmoja, wala hapana benki iwezayo kuikopeshea. Mwaka 2020 akaiweka nyumba ile rahani, akanunua lori lake mwenyewe. Mvua hazikuja. Ukapita msimu mmoja, na wa pili, na wa tatu, mpaka ikatimia misimu mitano mfululizo. Na katika ukame ule uliodumu hadi mwanzo wa 2023, mbuzi wengi wakafa malishoni, na waliosalia wakawa hawana nyama wala bei. Lori likasimama. Marejesho yakakatika, yakaunganishwa, yakakatika tena.

Alipotujia alikuwa ameshika ilani ya siku 40, na alikuwa amekwisha kukaa nayo siku 11 bila ya kumwambia mtu. Mkewe alijua pale ilipomfikia nakala yake yeye, kwani sheria yataka naye apelekewe. Tulipomwuliza mwenzetu kwa nini hakuja mapema, alijibu kwamba mtu huikimbia aibu kama ng'ombe aikimbiavyo nzi, naye hajui kuwa anakimbia nayo mgongoni.

Rai zetu zikawa tatu. Mmoja wetu alisema: mtu huyu alikopa kwa riba, na riba ni haramu, basi na ayaonje matunda ya alichokipanda, wala tusitumie mali ya zaka kuisaidia haramu. Wa pili akasema: mkopeshaji ni dhalimu, nyumba ya watoto haiuzwi, na mwenzetu asitoke hata akija dalali na askari. Wa tatu akasema: deni ni deni, saini ni saini, na dini yetu yatuamrisha kutimiza ahadi, atoke, nasi tumwombee dua. Kila mmoja alikuwa na kipande cha haki mkononi, na kila mmoja alidhani kuwa ameishika yote.

Na tuanze na haki ya mwenye kudai, kwani ni wepesi kuisahau tunapomwona mdaiwa analia. Mali iliyokopeshwa ilikuwa na wenyewe. Katika benki wamo watumishi waliokatwa katika mishahara yao, wajane waliouza viwanja, na wafanyabiashara wadogo wadogo wawekao fedha zao jioni. Mdaiwa asipolipa, wale ndio waliokosa. Mtume (s.a.w.) ameuita ucheleweshaji wa mwenye uwezo kuwa ni dhulma, na imepokewa kwamba alikuwa akisita kumsalia maiti aliyeacha deni lisilo na kitu cha kulilipa, mpaka mmoja wa masahaba alipojitwika deni hilo. Basi aliyesema kwamba mwenzetu asitoke kwa hali yoyote, hata akiwa na njia ya kulipa, hakumtetea mnyonge. Amemfundisha kula mali ya watu.

Lakini hadithi ile inamtaja mwenye uwezo, na mwenzetu hana. Hapa ndipo Qur'ani ilipoweka mpaka. Katika sura ya al-Baqara, aya ya 280, mwenye kudai ameamrishwa kumpa muhula mdaiwa aliyemo katika dhiki mpaka apate wasaa, na akaambiwa kwamba kusamehe ni bora zaidi kwake. Tazameni namna amri mbili zilivyowekwa hapo. Muhula ni wajibu, na msamaha ni fadhila. Hakuambiwa mdai aifute haki yake. Aliambiwa asiidai katika saa ambayo kuidai ni kumvunja mtu. Anayemnyima muhula mwenye dhiki ya kweli hajichukulii haki yake tu. Amechukua pamoja nayo kitu kisichokuwa chake.

Je, nyumba? Wanazuoni wetu hawakuafikiana. Ibn Qudama, katika al-Mughni, anaeleza kwamba kwa rai ya madhehebu yake ya Hanbali, na ya Abu Hanifa, nyumba ambayo mufilisi hana budi ya kukaa haiuzwi. Na kwamba Malik na Shafii walisema huuzwa, naye akapangishiwa nyingine badala yake. Sisi wa pwani na wengi wa huku bara twafuata madhehebu ya Shafii, na ndugu yetu aliyesema deni ni deni aliishika kauli hii kwa mikono miwili. Twamwomba asome na upande wa pili wa kitabu. Wanazuoni wale wale wa Shafii, wanapofika katika mlango wa zaka, husema kwamba nyumba anayoihitaji mtu haimtoi katika umaskini. Aweza kuwa na paa juu ya kichwa chake na bado akahesabiwa maskini mwenye haki ya kupewa. Sasa tuziunganishe kauli mbili hizi. Kadhi anaruhusiwa kuiuza nyumba. Lakini jamaa wa Kiislamu wameamrishwa kumhesabu mwenye nyumba hiyo kuwa maskini kabla ya kadhi kufika. Twaona maana yake ni hii: sheria haikuwa kali juu ya nyumba kwa kuwa haikujali watoto. Ilikuwa kali kwa kuwa ilimweka mbele ya kadhi mtu mwingine wa kuja kwanza, naye ni jirani mwenye zaka. Jirani huyo asipokuja, ukali wa kadhi unabaki peke yake, na sisi twausingizia dini.

Iko hadithi iliyopokewa na Muslim itutoshayo kwa mfano. Mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na msiba, deni lake likawa kubwa. Mtume (s.a.w.) akawaamrisha watu wamtolee sadaka. Wakatoa, na walichotoa hakikulifikia deni. Ndipo akawaambia wenye kudai wachukue walichokipata, wala hawana zaidi ya hicho. Mtu huyu hakuwa mvivu wala mlevi. Alikuwa mfanyabiashara aliyepigwa na msiba katika mali aliyoinunua, kama mwenzetu alivyopigwa na jua. Na mpango uliofuatwa ulikuwa na daraja tatu: kwanza watu walichanga, pili wenye kudai walichukua kilichokuwepo, tatu mlango ukafungwa, asifuatwe tena katika dhiki ile. Sisi leo tumeiacha daraja ya kwanza, tumeishika ya pili kwa nguvu zote, na ya tatu wengi wetu hatujapata kuisikia.

Ama kuuliza kwamba yafaa mwenye deni aombe, jawabu limekwisha kutolewa. Katika hadithi ya Qabisa, aliyoipokea Muslim vile vile, kuomba kumeruhusiwa kwa watu watatu: aliyejitwika deni kwa ajili ya kupatanisha watu, aliyepatwa na janga lililoangamiza mali yake, na aliyefikiwa na ufukara mpaka watu watatu wenye akili wa jamaa zake wakamshuhudia. Ukame ni janga. Basi mwenzetu hakufanya aibu alipotujia. Aibu ilikuwa kwetu, kwamba jirani wa miaka mingi aliogopa macho yetu kuliko alivyoogopa mnada. Tujiulize tulifanya nini hata tukaogopewa hivyo.

Katika hili, wenyeji wa Turkana wana jambo la kutufunza. P. H. Gulliver, aliyekaa kati yao na kati ya Wajie wa Uganda, alieleza katika kitabu chake cha 1955, The Family Herds, namna Mturkana anavyokuwa na jamaa na marafiki waliofungamana naye kwa mifugo. Leo anampa huyu ng'ombe. Kesho, akipigwa na ukame au maradhi au uvamizi, anawaendea wale aliowapa, akaomba, naye akapewa. Kuomba huko si unyonge; ndiyo dalili kwamba mtu ana watu. Na mnyama aliyetolewa akifa kwa ukame, amekufa kwa wote wawili: mtoaji naye amepungukiwa, wala haji kuivunja awi ya rafiki yake ili ajilipe kwa miti na makuti ya mikoma ambayo wanawake wa boma wameijengea nyumba. Twaona hapo ndipo ulipo moyo wa suala letu. Anayemkopesha mfugaji kwa kumtazama mfugaji, hutaka mfugaji huyo afanikiwe, na humwonya akiona anakosea. Anayekopesha kwa kuitazama nyumba hana haja ya kujua habari za mvua. Biashara ikistawi, analipwa, ikifa, analipwa, hatari yote imebaki kwa mmoja, na usalama wote umekwenda kwa mwingine. Hili ndilo tunaloliona kuwa kiini cha ubaya wa riba, kabla hata ya kuhesabu asilimia.

Huenda ndugu yetu wa kwanza akasema: na kwa sababu hiyo hiyo aachwe, kwani aliijua riba akaiingia. Twajibu kwa mambo mawili. La kwanza, wanazuoni wameandika kwamba aliyekopa katika maasi, kisha akatubu toba ya kweli, hupewa katika fungu la wenye madeni, nalo ni moja la mafungu manane yaliyotajwa katika sura ya at-Tawba, aya ya 60. Mwenzetu ametubu mbele yetu. Hatukupewa kazi ya kupasua kifua chake. La pili, tujitazame. Mkopo wenye kufuata sheria ya dini ulikuwa wapi katika njia ya kutoka Lokiriama mpaka Kitale siku alipouhitaji? Benki za kwanza za Kiislamu zilifunguliwa Kenya mwaka 2008, nasi tukafurahi. Lakini furaha yetu ilikuwa ya watu wa mijini. Na twaongeza neno ambalo halitawapendeza wote: hata mkataba ulioandikwa kwa Kiarabu na kubarikiwa na mashekhe, ukiwa mwisho wake ni ule ule wa kuuza nyumba ya aliyepigwa na msiba bila ya muhula, umebadilisha nguo tu, mwili ni ule ule.

Wala jambo hili la nguo si geni kwetu. Wazee wetu wa Unguja na Pemba walilijua vizuri. Ilikuwako bei iliyoitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba la mikarafuu akihitaji fedha, humwuzia tajiri shamba lake kwa kiasi fulani, kwa sharti kwamba atakuwa na hiari ya kulinunua tena katika muda uliowekwa. Naye mwenyewe hubaki shambani, akalipa kodi. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa riba, ila haikuitwa riba. Na rahani iliitwa bei. Karatasi ilikuwa safi, mashahidi walikuwa Waislamu, na muda ukipita shamba limekwenda. Waliofanya hila ile walidhani wameikimbia haramu, kumbe walikuwa wameifungulia mlango wa nyuma. Bei ya karafuu ilipoanguka katika mdororo wa dunia baada ya 1929, wenye mashamba wengi wakawa wamezama katika madeni, na mashamba yakawa karibu kuwatoka. Serikali ya ulinzi ikaingilia kati: mwaka 1934 ikatoa sheria ya kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe kwa watu wengine bila ya ruhusa, na mwaka 1938 ikatoa nyingine ya kusuluhisha madeni.

Hatuyasemi haya ili kuwalaumu Wahindi waliokopesha, maana wengi wao nao walikuwa na wenye kuwadai juu yao, na sheria zile zenyewe zilileta ugomvi mkubwa, mpaka India ikasusia karafuu za Zanzibar katika 1937 na 1938. Twayasema kwa mazingatio mawili. Kwanza, hila ya maneno haikumwokoa mtu hata mmoja siku bei ilipoanguka. Pili, muhula ulioamrishwa na Qur'ani, ambao jamaa wa Kiislamu walikuwa na karne nyingi za kuutia katika mipango yao, ulikuja kuwekwa kwa amri ya Mwingereza, naye aliuweka kwa maslahi yake na kwa kuwagawa watu kwa kabila zao. Wajibu usiotekelezwa na wenyewe hutekelezwa na wageni, nao huutekeleza kwa namna yao.

Na atakayesema kwamba muhula utaziangusha benki na kumnyima maskini mkopo, na atazame mifano miwili. Huko Texas, iliyo sasa sehemu ya Marekani, sheria ilitungwa mwaka 1839 ya kuilinda nyumba ya mtu na sehemu ya ardhi yake isichukuliwe na wenye kumdai madeni ya kawaida. Haimlindi aliyekopa kwa kuinunua nyumba yenyewe. Lakini ulinzi huo umedumu mpaka leo, na Texas haikuwa nchi ya mafukara kwa sababu hiyo. Na hapa kwetu, Machi 2020, maradhi ya korona yalipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza mpango wa mabenki kuwaongezea muda wakopaji waliodhurika, na mikopo mingi sana ikapangwa upya. Mabenki hayakuanguka. Basi muhula wawezekana pale msiba unapowafika watu wa Nairobi. Twauliza kwa nini usiwezekane pale msiba unapomfika mchunga mbuzi wa mpakani.

Sasa twataka kusema maneno machache ya manufaa kwa yeyote aliye katika hali ya mwenzetu, kwani nasaha isiyo na njia ni kelele. Sheria ya Ardhi ya 2012 haimruhusu mkopeshaji kuiuza nyumba kwa ghafla. Marejesho yakikosekana kwa mwezi mmoja, lazima kwanza apeleke ilani yenye muda usiopungua miezi mitatu wa kurekebisha. Kisha ilani ya kuuza, yenye siku zisizopungua 40. Na kanuni za wapiga mnada zinamtaka dalali naye atoe siku 45 za kukomboa kabla ya mnada. Nyumba ya ndoa haishiki rahani ila mwenzi akubali. Mkopeshaji analazimika kuitafutia nyumba bei nzuri ipatikanayo, na lazima ithaminiwe kabla ya kuuzwa. Tena, tangu 2007, sheria ya mabenki imeweka ukomo: riba inayoweza kudaiwa juu ya mkopo ulioharibika isizidi mtaji uliokuwa umebaki siku ulipoharibika. Kwa hiyo mwenye ilani asiikunje akaitia chini ya godoro. Kila siku anayokaa nayo kimya ni siku ya muhula wake anayoitupa. Na aombe hesabu ya deni kwa maandishi, aende kwa mkopeshaji na watu wazima wawili, na ikibidi kuuza, aombe auze mwenyewe kwa mnunuzi wa hiari, kwani bei ya mnada mara nyingi ni bei ya huzuni.

Ama msaada wa serikali, tuseme kweli. Katiba ya 2010, ibara ya 43, imempa kila mtu haki ya makao ya kufaa, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri asilimia 1.5 nyingine. Mke wa mwenzetu hukatwa fedha hiyo kila mwezi. Alituuliza, kwa upole uliotuumiza kuliko ukali, kama yuko mtu wa kumwendea katika mfuko huo ili amwambie kwamba yeye nyumba anayo, anataka tu asitolewe. Mfuko ule umekusudiwa kujenga nyumba mpya. Hatukuwa na ofisi ya kumwonyesha iliyowekwa kwa ajili ya yule ambaye yuko karibu kuipoteza aliyo nayo. Ni ajabu kwamba nchi ielewe haja ya kumpa mtu ufunguo, isielewe bado haja ya kumwachia aliokuwa nao.

Tulikutana mara ya mwisho Lokiriama kwenyewe, karibu na mahali pa ukumbusho wa amani. Wasomaji walio mbali huenda hawaijui habari yake. Mwaka 1973 wazee wa Waturkana na wa Wamatheniko wa Karamoja, ng'ambo ya mpaka wa Uganda, walipatana hapo kuacha kuvamiana, wakazika silaha ardhini; na mpaka leo watu wa pande mbili hukusanyika kuukumbuka mkataba huo. Hatudhani kwamba wazee wale walisahau waliyodaiana. Kulikuwa na ng'ombe waliochukuliwa na vijana waliokufa, na kila upande ulikuwa na hesabu yake. Lakini waliona kwamba hesabu ile ikilipwa mpaka mwisho, hatabaki wa kuipokea. Na fiqhi yetu, kwa upande wake, imemtukuza mtu wa namna hiyo: anayejitwika deni ili kuwapatanisha watu hupewa katika zaka, kwa kauli ya Shafii, hata akiwa tajiri. Kwa nini hata akiwa tajiri? Kwa sababu dini imeuona upatanishi kuwa ni gharama ya watu wote, asiachiwe mmoja kuibeba. Tulipokaa pale tuliona kwamba nyumba ya mwenzetu nayo ni jambo la namna hiyo. Watoto wakitolewa, mmoja ataacha shule, mwingine atakwenda kwa shangazi, na mama atapanga chumba. Na ule mshikamano utakaovunjika hautauzwa katika mnada wowote, kwa hiyo hakuna atakayeuhesabu.

Basi tukakubaliana hivi. Yule aliyesema deni ni deni alikubali kwamba mtaji ulipwe, lakini kwa muhula. Yule aliyesema asitoke alikubali kwamba lori liuzwe, na fedha yake yote iende kwa mkopeshaji. Na yule aliyesema alikula riba alinyamaza kitambo, kisha akawa wa kwanza kutoa. Mwenyezi Mungu amlipe. Tulichokichanga, pamoja na zaka za wafanyabiashara wanne wa Lodwar na mchango wa ndugu wa Kakuma ambao wenyewe hawana kingi, hakikufika robo ya deni. Wawili wetu walikwenda Kitale pamoja naye na mkewe, wakaomba miezi 18 ya muhula na kusimamishwa kwa nyongeza. Walipokewa kwa adabu. Jawabu halijaja, na siku zilizobaki katika ilani ni 9.

Hatujui litakuwa jawabu gani. Yamkini nyumba itauzwa. Nasi, kama kauli ya madhehebu yetu isemavyo, tutampangishia nyingine, na hapo tutakuwa tumeitimiza sheria kwa kuchelewa. Lakini kabla ya jawabu hilo, liko lililokwisha kudhihiri, nalo latuhusu sisi. Mwaka uliopita tulichanga fedha za zulia la msikiti, nazo zilitimia katika Ijumaa mbili. Zaka zetu twazigawa kwa sarafu mlangoni mwa duka katika mwezi wa Ramadhani, kila maskini akaondoka na kidogo kisichomtoa katika umaskini hata siku moja. Hatukuwa na mfuko wa wenye madeni, ingawa fungu lao limetajwa katika Kitabu kwa jina. Tumeuanzisha sasa. Hesabu yake itasomwa hadharani kila baada ya miezi mitatu, majina ya wanaosaidiwa yatastiriwa, na aliyesaidiwa akipata wasaa atarudisha awezacho ili afaidike mwingine.

Twawaomba ndugu zetu wa miji mingine walifikiri jambo hili, wala wasingoje mpaka awajie mtu na ilani mkononi. Na kila mwenye kumdai mwenziwe, hata kwa shilingi elfu za duka, ajiulize usiku huu kama anamdai mwenye uwezo au mwenye dhiki, kwani hukumu za wawili hao si moja.

Ewe Mola, mpe wasaa kila mwenye dhiki, mlainishe moyo kila mwenye kudai, na utulinde tusiwe majirani wa kuogopewa. Amin.